Nukta za Transfoma Zianzie Mezani

Mwulize mwanafunzi wa umeme kuhusu transfoma, atakutajia uwiano wa mizunguko bila kusita: koili ya kwanza ikiwa na mizunguko mara kumi ya ile ya pili, volti 230 zitatoka 23. Sawa kabisa. Sasa mwulize zile nukta mbili zinazochorwa kando ya koili zina kazi gani. Wengi hunyamaza. Zinaonyesha ncha za koili ambazo volti zake hupanda na kushuka pamoja.

Kwa maoni yangu, tatizo ni mpangilio wa somo. Tunaanza na transfoma kamilifu, isiyopoteza chochote, halafu indaktansi ya pamoja, yaani M, kipimo cha volti ambayo mkondo unaobadilika katika koili moja unaizalisha katika nyingine, inaletwa mwishoni mtihani ukiwa umekaribia. Nukta zinabaki jambo la kukariri: hapa jumlisha, pale toa.

Mimi ningeanza na transfoma ndogo ya volti 230 yenye koili mbili za kutolea umeme, kila moja volti 12. Unga mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine, kisha pima kwa multimita: 24. Geuza waya za koili moja, pima tena: karibu sifuri. Hakuna waya uliokatika wala kilichoungua. Volti za koili hizi mbili zinapingana tu. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake ataelewa pia kwa nini ni hatari kuziunga sambamba kabla ya kuhakiki nukta. Zikikaa kinyume, volti 24 zinasukuma mkondo ndani ya koili zenyewe, penye ukinzani mdogo mno, na transfoma inaungua.

Mwanasayansi Michael Faraday naye, mwaka 1831, alikutana na suala la mwelekeo tangu siku za mwanzo za ugunduzi wake kwamba koili moja huweza kuzalisha umeme katika nyingine: alipounga betri kwenye koili ya kwanza, sindano ya kipimo kwenye koili ya pili ilicheza upande mmoja, alipoikata ikacheza upande wa pili.

Hesabu ije baada ya hapo. Chukua koili zenye indaktansi ya milihenri 8 na 2, M ikiwa milihenri 2. Ukiziunga mfululizo zikasaidiana, unapata 8 + 2 + 4 (hiyo 4 ni M mara mbili), yaani 14. Zikipingana, 8 + 2 − 4, yaani 6. Tofauti ni 8. Igawanye kwa 4, na M yako hiyo hapo, imepimwa kwa kifaa badala ya kutolewa kitabuni. Napenda sana zoezi hili. Kutoka hapo unapata k, kipimo cha jinsi koili zinavyoshirikiana sumaku: 2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 16 (yaani 8 × 2), unapata 0.5. Zisogeze koili, k inabadilika. Zifunge kwenye kiini kimoja cha chuma, k inakaribia 1, na hapo ndipo uwiano wa mizunguko unapostahili kufundishwa.