Dola 750 kwa PS2 ya mtumba? Tuheshimiane

Juzi nimeangalia video ya jamaa mmoja wa Marekani akilinganisha mashine za kukuza picha za gemu za zamani ili zionekane vizuri kwenye TV za flati. Kafika kwenye RetroTINK 5X-Pro, ya karibu dola 300, akasema hiyo ndiyo ya wenye mfuko mwembamba. Nikaisimamisha video nikaenda kuchemsha chai.

Maana kubwa yake, RetroTINK 4K Pro iliyotoka mwishoni mwa 2023, ni dola 750. Karibu shilingi milioni mbili za Kitanzania, na hapo hujagusa usafiri, ushuru wala VAT ya asilimia 18. PS2 yenyewe umeinunua mtumba na pedi moja analogi imelegea!

Bei ni haki ya muuzaji. Kinachonikera ni ulinganishaji wenyewe: bei, 1080p au 4K, ina HDR (ile ya kukoleza mwanga na rangi) au haina, kwaheri. Swali linalotuhusu sisi haliulizwi: mashine inafanya nini na 480i, yaani picha inayokuja nusu nusu?

Huku kwetu gemu ya zamani ni PS2. Wenzetu wanahangaika na Super Nintendo na Mega Drive, ambazo kwa kawaida hutoa 240p, picha nzima kila mara. PS2 gemu zake nyingi ni 480i: mistari ya witiri inatangulia, ya shufwa inafuata, nusu 60 kwa sekunde. Ya PAL, mfumo wa TV wa Ulaya, ni 576i, nusu 50. TV ya chogo ilizaliwa kwa kazi hiyo. Flati lazima iziunganishe hizo nusu, na zikiunganishwa hovyo winga akikimbia miguu inaota meno kama kitana. Ukitumia njia ya mkato, ya kunyoosha kila nusu peke yake, mistari ya uwanja inatetemeka kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.

Sasa OSSC, mashine nyingine ya kukuza picha, inayosifiwa kila kona. Haihifadhi fremu, kwa hiyo ucheleweshaji ni kama haupo, na michoro ya kuiunda iko wazi kwa yeyote. Kwa Mega Drive ni dhahabu. Lakini 480i inaikuza kwa njia ile ile ya mkato, na tundu la waya wa njano haina. Umeagiza, umelipa, umesubiri, umefungua boksi, umeletewa mtetemeko.

5X inapembua: sehemu ya picha iliyotulia inaiunganisha, inayotembea inaikadiria. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia zile dola 300, na mule kwenye video imepewa sekunde chache baada ya rangi ya kasha.

Na kazi hiyo hiyo GBS-Control inaifanya. Ni ile bodi ya bei chee ya GBS-8200, unaibandikia kichipu cha Wi-Fi cha ESP8266, unaipakia programu ya bure. Fundi mwenye mkono mtulivu anamaliza kuchomelea nyaya mchana mmoja. Haipokei waya wa njano, kwa hiyo tafuta waya wa komponenti, ule wa kijani, bluu na nyekundu, kisha uingie kwenye menyu ya PS2 ubadilishe mpangilio, la sivyo rangi zitakuja kichekesho. Inatoa VGA, ile plagi ya monita za zamani za kompyuta. Watu wa video wanaona hiyo ni aibu. Sisi tuna monita za ofisini za mtumba zimepangwa madukani, nyingine bado zile za umbo la 4:3 ambalo gemu zenyewe zilichorewa. Sauti haipiti humo, chomeka kwenye sabufa.

Kati ya mashine nyingine, Morph 4K ni nzuri, ila bila kile kipande chake cha analogi PS2 haina pa kuingilia. Framemeister ya Wajapani imeshaacha kutengenezwa, waachie wakusanyaji. Vile viadapta vidogo vya HDMI vinaichukulia hata 240p ya PS1 kama 480i, na kivuli cha mhusika kinachopepesa kinaweza kupotea kabisa.

Haya, nakubali, shingo upande: 4K Pro ikiiga kioo cha chogo kwenye TV kubwa ya 4K, picha inatoa machozi. Ndugu yako wa Muscat akikuletea zawadi, usikatae. Ila akikuuliza mapema anunue ipi, mwambie 5X, na zile dola 450 zinazobaki akurushie kwa simu.