Muhuri uko Nairobi, mgonjwa yuko Malindi

Nilikuwa nimempeleka shangazi kliniki ya presha katika hospitali moja hapa Malindi, nikaitwa kutoka kwenye foleni niwe shahidi. Mama mmoja wa upande wa Ganda, mtoto wake amelala mapajani na sindano ya dripu imebandikwa plasta mkononi, alikuwa akiombwa amwingize mtoto kwenye utafiti. Hajui kusoma, na kanuni zinataka mtu asiyehusika na utafiti asikilize fomu ya ridhaa ikisomwa, kisha atie sahihi kando ya alama ya dole gumba. Kijana aliyeisoma aliisoma kwa upole, kurasa zote. Kila neno "uchunguzi" lilipotajwa, mama aliitikia kwa kichwa. Mwisho akauliza jambo moja tu: "Sasa majibu ya huo uchunguzi nitayapata leo?"

Yeye alisikia vipimo, kijana alimaanisha utafiti. Kiswahili chetu kinabeba maana zote mbili, na daktari akikuambia mtoto anafanyiwa uchunguzi, huulizi ni upi. Kijana alirudia tangu mwanzo, mama akakubali, nami nikatia sahihi. Hakuna aliyevunja sheria. Fomu ilikuwa na muhuri wa kamati ya maadili, tarehe na nambari ya kibali.

Kamati hizo ndizo zinazosimama kati ya mtafiti na mgonjwa. Kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, utafiti Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kabla ya hapo kamati iliyotambuliwa inapitia pendekezo: hatari ni ipi, damu kiasi gani itatolewa na itapelekwa wapi, nani atafaidika, fomu inasemaje. Ikiwa ni dawa au chanjo mpya, Bodi ya Famasia na Sumu nayo inaingia. Wafadhili wakiwa wa ng'ambo, mara nyingi kuna kamati nyingine hukohuko kwao.

Watafiti wanalalamika, na malalamiko yao yana uzito. Mlipuko wa ugonjwa haungoji vikao. Mfano ninaourudia kila mara uko karibu na sisi, Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1989. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kutozunguka vizuri mwilini, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti ulioitwa FEAST uliwafuatilia watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yakachapishwa 2011. Katika saa 48 za mwanzo, waliopewa maji hayo walifariki takriban 10.5 kwa kila 100, wasiopewa, 7.3. Matibabu yaliyoaminiwa yalikuwa yakiua.

Watoto hao walifika hospitalini mahututi, na mzazi aliyepigwa na bumbuwazi hawezi kusomewa kurasa kumi. Kamati zilikubali aombwe idhini ya mdomo kwanza, ridhaa kamili ifuate mtoto akishatulizwa. Kamati yenye woga ingekataa, na sisi tungeendelea kuwamiminia watoto maji. Utafiti wenyewe ulisimamishwa mapema kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia vifo. Kwa hiyo anayesema kamati ni kikwazo tu hajautazama usimamizi ulipofanya kazi yake sawasawa.

Wapo pia wanaosema kamati ni kibao cha mlangoni. Kano, Nigeria, mwaka 1996, watoto 200 wenye homa ya uti wa mgongo waliingizwa kwenye jaribio la dawa la kampuni ya Pfizer. Barua ya idhini ya kamati ya maadili iliyoonyeshwa baadaye ilibainika kuandikwa baada ya jaribio kwisha. Hapa kwetu sijaona uovu wa namna hiyo. Ninachokiona ni kamati nyingi kukaa ndani ya taasisi ileile inayofanya utafiti, kulipwa ada na wanaoomba kibali, na kuhukumu kwa karatasi.

Na Pwani karatasi haitoshi. Wazee wetu walikua wakiogopeshwa na mumiani, wanaonyonya watu damu wakaifanye dawa, na hofu hiyo haijafa. Chupa ya damu ikivuka geti, maneno huanza. Ukimweleza mtu kwamba kompyuta itachagua nani apate dawa ipi kwa "bahati nasibu", katika mji wa Kiislamu umeshamtajia kamari. Mjumbe aliye mezani Nairobi hasikii neno hilo linavyoangukia sikio la mitaa yetu ya Shela au Maweni. KEMRI Kilifi wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini, na wamesaidia sana kujibu hofu hizi, lakini kazi yao ni kushauri. Kura ya kukataa hawana.

Mimi nasimama wapi? Sitaki kamati zipunguzwe meno. Nataka ule muda unaotumika kurudisha pendekezo mara tatu kwa ajili ya nukta na mkato utumike kwenye benchi la wagonjwa. Fomu isomewe akina mama kumi wa hapa kabla ya kugongwa muhuri, kila mmoja aulizwe ameelewa nini kwa maneno yake. Mjumbe wa kamati aje bila taarifa, aketi, asikilize. Anayezungumza Kigiriama au Kibajuni awe na kura, hasa pale utafiti unapofanywa kwao. Haya yana gharama, najua, na yatachelewesha baadhi ya tafiti kwa wiki kadhaa. Kwa dharura kama ile ya FEAST njia ya haraka ibaki. Kwa tafiti nyingine, wiki hizo nazikubali.

Yule mama alipewa nakala yake. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la leso, akambeba mtoto kuelekea wodini. Nambari ya kupiga ukiwa na lalamiko ilikuwa humo, ukurasa wa mwisho, ya ofisi ya Nairobi.