Ukizinduka na mshono mrefu haina maana daktari kashindwa

Kuna kauli inaniuma kila nikiisikia. Mtu kaenda kutolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, anazinduka kwenye nusu kaputi anakuta ana mshono mrefu chini ya mbavu za kulia, basi ndugu wanaanza, "daktari kaharibu, angekuwa mzoefu asingemchana". Jamani hapana! Mara nyingi huyo daktari ndo kamuokoa.

Mi mwenyewe naukubali sana upasuaji wa matundu, na kama mawe ya nyongo yanakutesa ningekwambia uanzie huo. Kwa kawaida ni matundu manne, tumbo linajazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili linyanyuke kidogo, kamera inapita kitovuni, na wengi wanaruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. (Bega likiuma siku mbili tatu usiogope sana, ni ile hewa imesumbua kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na neva yake inapeleka maumivu mpaka begani.)

Sasa shida iko ndani. Ule mfuko umeshikana na ini na una kamrija kake kanakoingia kwenye mrija mkuu wa nyongo, ule unaotoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Kamrija hako ndo kanabanwa klipu na kukatwa pamoja na mshipa wa damu wa mfuko. Ila mfuko ukiwa umevimba muda mrefu kila kitu kinagandana, huoni mrija upi ni upi, na ukikata mrija mkuu kwa bahati mbaya nyongo inamwagikia tumboni, mgonjwa anageuka manjano na anaweza kuhitaji upasuaji mwingine mkubwa kuliko wa kwanza. Ndo maana wanafundishwa kutokata kitu chochote mpaka waone kwa macho vitu viwili tu vinaingia kwenye mfuko.

Na hii tahadhari ina historia. Daktari mpasuaji Erich Mühe wa Ujerumani alipoufanya upasuaji huu wa matundu mwaka 1985 wenzake walimponda, halafu miaka michache mbele kila mtu akaukimbilia, na majeraha ya mrija mkuu yakaongezeka kuliko enzi za kuchana.

Kwahiyo daktari akiangalia kwenye skrini akaona hapaeleweki, akaamua kufungua tumbo, au akatoa sehemu tu ya mfuko akaacha ile iliyogandana, hapo katumia akili yake yote kwa ajili yako. Mimi wa kumwogopa ni yule anayejisifu hajawahi kufungua mtu hata mara moja.

Kabla hujasaini fomu muulize wazi, "ukikuta pamegandana utafanyaje?", na umuulize wakati ndugu zako wamekaa hapo, wasikie wenyewe kwamba kufungua tumbo kumo kwenye mpango tangu mwanzo.