Nitazamie Baiskeli

Mjomba wangu, mtu ambaye maishani mwake ameendesha baiskeli kuliko alivyotembea, alinifundisha kuchagua hoteli ya kula mchana bila kusoma ubao wa bei. "Ubao hudanganya," alisema. "Wewe hesabu baiskeli zilizoegeshwa nje. Mtu wa Tanga haegeshi baiskeli yake penye wali ulioungua."

Na kwa mji huu ni kanuni yenye akili. Tanga ni tambarare, na baiskeli ni ya kila mtu: mwalimu, muuza mkaa, ustadhi na kanzu yake kaikunja mapajani. Palipo na baiskeli nyingi pana watu, penye watu chungu hakilali, na chungu kisicholala hakimuumizi mtu tumbo. Nimekula kwa kanuni hiyo miaka mingi bila kujuta, mpaka Jumatano ile.

Duka ninaloajiriwa lipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Namba siitaji, tajiri yangu anajua kusoma. Hutupa saa moja ya kula, saa saba hadi saa nane, na anayerudi saa nane na dakika tano hukuta amesimama mlangoni akitazama saa ya mkononi. Kwa kawaida saa hiyo moja hainisumbui, kwa sababu hula kwa mama ntilie mmoja chini ya mkungu, hatua 30 kutoka dukani. Akiniona tu anapakua. Siku ile nikakuta mafiga matupu na paka mmoja aliyekata tamaa. Jirani akaniambia mama kaenda Pangani, anaozesha.

Nikapanda baiskeli yangu, Phoenix nyeusi niliyorithi kwa huyo huyo mjomba, nikaanza kuzihesabu za wenzangu. Hoteli ya kwanza ilikuwa na baiskeli mbili. Nikapita. Ya pili nne, lakini moja ilikuwa ya mtoto. Nikakata barabara mbili mbele, na hapo roho ikatulia: kijumba cha chokaa, pazia la maua mlangoni, na ubavuni baiskeli 11 zimepangwa ukutani. Kumi na moja! Nikajisemea, hapa wanakula mpaka ukoko.

Pembeni ya ule ukuta alikaa mzee juu ya debe, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamdhania mlinzi wa hoteli, na bado naona mtu yeyote angemdhania hivyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Nitazamie baiskeli yangu, naingia humo mara moja."

Akaitazama. Akaniangalia mimi. "Haya, ondoa shaka."

Ndani hamkuwa na mtu. Yaani meza sita, viti vyake, redio inasoma matangazo ya vifo, basi. Nikasita. Baiskeli 11 na wenyewe hawapo, wamekwenda wapi? Nikajipa jibu mwenyewe: labda wapo ua wa nyuma, labda wanaswali. Njaa humpa mtu majibu ya haraka.

Binti akaja na birika na beseni, akaninawisha kabla hata sijaketi vizuri.

"Kuna nini leo?"

"Kila kitu, kaka."

"Bada na papa?"

"Bada unaagiza tangu jana."

"Pilau?"

"Ijumaa."

"Basi wali na samaki."

"Wali upo, wa nazi. Samaki yupo."

"Samaki gani?"

"Changu. Yupo Deep Sea."

Kwa asiyeijua Tanga, Deep Sea ndiko samaki wanakoshushwa, na siyo jikoni. Binti akanituliza: kijana keshaenda kumfuata, kwa baiskeli, sasa hivi tu utamwona. Ningeweza kuondoka. Lakini mikono nimeshanawa, na kwetu mtu aliyenawa ni kama aliyeoa, hatoki kirahisi.

Saa saba na nusu. Nikala ndimu iliyokuwa mezani, na chumvi. Saa saba na dakika arobaini. Nilisoma shule kwamba reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911. Zamani nilishangaa, miaka 18 kwa safari ile? Siku hiyo sikushangaa tena. Itakuwa wale Wajerumani nao walikuwa wakila mchana hapa.

"Binti, huyo kijana?"

"Keshatoka, kaka."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka hapa."

Hapo ndipo nilipoinuka kwenda kuchungulia njiani. Nikafunua pazia. Baiskeli yangu nikaiona, siwezi kusema sikuiona. Ila niliiona kwa vipande. Fremu ilikuwa imepinduliwa miguu juu kama kuku wa kunyonyolewa. Gurudumu la nyuma liliegemea mlango wa jirani. Mnyororo ulikuwa unaogelea kwenye kopo la mafuta ya taa, na gololi, zile gololi alizonisimulia mjomba kwamba ni za asili, zilipangwa juu ya gunia mojamoja kama tasbihi iliyokatika. Katikati ya hayo yote, yule mzee wa kahawa, spana mkononi, grisi mpaka viwikoni.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Nimekutazamia."

"Nilisema uitazame!"

"Nimeitazama. Nikaona ekseli imeliwa." Akaninyanyulia ekseli niione. Kweli ilikuwa imeliwa. Kati ya mimi na ekseli, angalau mmoja wetu alikuwa ameliwa na kitu mchana ule.

Nikageuka kuzitazama zile baiskeli 11. Moja haina tandiko. Nyingine haina gurudumu la mbele. Ile ya kijani niliyoipenda wakati naingia, ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani isianguke. Zote ni za wagonjwa wake. Hoteli ilikuwa na mteja mmoja tu tangu asubuhi, naye kasimama hapo, mikono misafi.

Nyuma ya mzee, kwenye benchi, alikuwapo kijana anakuna kichwa, ameshika kikapu kitupu.

"Na wewe una nini?" nikamuuliza, kwa hasira ya kutafuta mtu.

"Pancha. Natumwa Deep Sea kuchukua samaki, kuna mteja ndani anasubiri."

"Mbona hujazibiwa?"

Kijana akamwonesha mzee kwa kidevu. Mzee, kwa heshima zote, akasema, "Yako imetangulia, mwanangu. Mimi foleni sivunji."

Nilicheka, ingawa sikupenda. Muda wote ule nilikuwa nimekaa ndani namlaumu changu, kumbe mbele yake nimesimama mimi mwenyewe.

Saa nane kasorobo nikamlipa mzee shilingi 6,000, wali samaki wenyewe ungekuwa 4,000. Akaiunga haraka, nakiri ana mkono, magurudumu yakazunguka bila kelele kama mapya. Nikiwa naikamata usukani, bi mkubwa mwenye hoteli akatoka na kanga yake, akanishika bega.

"Mwanangu, hiyo yako ndiyo nzima peke yake hapa. Mpe huyu kijana, arudi na samaki."

Ungemkatalia nani, bi mkubwa? Nikampa. Dukani nikarudi kwa miguu, saa nane na dakika ishirini, nikamkuta tajiri mlangoni na saa yake. Akavuta hewa. "Afadhali umekula vizuri," akasema, "unanukia ndimu."

Jioni baada ya kufunga nikarudi kule. Bi mkubwa alikuwa ameniwekea sahani, kafunika kwa kawa: wali wa nazi, changu mkubwa, mchicha, pilipili ya kusaga. Nikala bila kusema neno. Nikalipa 4,000 zangu, nikafunua pazia, nikatoka.

Baiskeli haipo.

"Usiogope, kaka," binti akanipigia kelele kutoka jikoni. "Kaichukua mzee. Anasema breki ya nyuma hukumwambia, lakini ameiona."