Acheni kutuambia jino la mtoto litang'oka lenyewe

"Hilo ni jino la utotoni, mama, litang'oka lenyewe." Jirani yangu hapa Busia, Uganda, anayeuza mukene, yaani dagaa, karibu na mpaka, alirudi juzi kutoka kliniki fulani na maneno hayo pamoja na vibahasha viwili vya dawa, kimoja cha amoksilini na kingine cha paracetamoli. Binti yake yuko top klasi, mwaka wa mwisho wa chekechea; P.1, yaani darasa la kwanza, bado hajaingia. Gego lake la chini, upande wa kulia, limetoboka mpaka unaona weusi ndani. Ukikaa naye mezani utaelewa bila kuambiwa: kila tonge analisukuma kwa ulimi kwenda kushoto, chai anaisubiri ipoe, andazi analichovya hadi lilegee kabisa ndipo analimeza karibu bila kutafuna. Usiku analia. Mama yake alikuwa akimwekea karafuu, kisha akatokea mtu wa kumshauri asage aspirini na kuipaka hapo. Fizi ikaungua, ikawa nyeupe.

Huyo mama simlaumu hata kidogo. Alifunga meza yake, akapoteza siku ya biashara, akampeleka mtoto kwa musawo, yaani daktari. Alifanya alichopaswa kufanya. Hasira yangu iko kwenye lile jibu, kwa sababu limeenea. Utalisikia kwa nyanya, kwa mwalimu, kwa mwenye duka la dawa, na kibaya zaidi, kwa watu waliosomea kazi hii.

Hebu tupige hesabu. Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi, na hayo ndiyo watu wanayoyafikiria wanaposema litang'oka. Lakini magego ya nyuma, yanayooza sana, hukaa kinywani mpaka mtoto afike miaka 10, 11, wengine hata 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 anapoambiwa asubiri, anaambiwa asubiri miaka 5 na zaidi. Ataingia P.1 na jino hilo, atafika P.5 nalo. Mtu mzima mwenye jino linalouma hamalizi wiki bila kutafuta msaada, hata kwa kukopa. Mtoto tunamtaka avumilie karibu shule yote ya msingi, halafu mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hasikilizi darasani.

Tena jino halingoji. Gamba la nje la jino la utotoni ni jembamba kuliko la jino la kudumu, na kiini chake, mahali penye neva na damu, ni kikubwa ukilinganisha na jino lenyewe. Uozo ukishapenya gamba hilo, njia ya kufika kwenye neva ni fupi. Ndiyo maana mzazi huona kidoa cha kahawia likizo moja, na likizo inayofuata mtoto anaamka usiku akishika shavu.

Chini ya gego hilo bovu kuna jino la kudumu linajengwa, katikati ya mizizi yake kabisa. Usaha ukikaa hapo muda mrefu unaweza kuliharibu kabla halijaota, likaja na madoa au gamba dhaifu. Halafu kuna suala la nafasi. Kwenye umri wa miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na ndiyo sababu wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni na kuliacha lioze pia. Hilo halina mbadala. Na gego la utotoni lililo mbele yake likiondolewa mapema, lile jipya husogea mbele na kula nafasi ya jino ambalo bado halijaota. Baadaye mtoto ana meno yaliyopandana, na watu wanasema amerithi kwa baba yake.

Sasa, linatibikaje? Hapa nataka kwenda polepole, maana wazazi wengi niliozungumza nao wanajua njia mbili tu: vidonge au koleo.

Kama uozo umekwenda chini lakini neva bado ni nzima, mtoto husikia maumivu anapokula kitamu au kunywa baridi, na maumivu hukoma kitu kikiondoka. Jino hilo lina nafasi nzuri. Zamani daktari alichimba mpaka aondoe uozo wote, na mara nyingi akaifikia neva kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi husafisha vizuri kingo za tundu, akaacha kidogo kilicho juu ya neva, kisha akaziba pasiingie kitu. Vijidudu vilivyobaki humo havipati sukari, vinadhoofika, na jino linapata muda wa kujijenga kwa ndani.

Kuna njia inayoitwa ya Hall, kwa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland. Daktari anachagua kofia ya chuma cha pua inayolingana na gego, anaijaza saruji ya meno, anaisukuma juu ya jino na kumwambia mtoto aume. Hakuna sindano, hakuna mashine ya kuchimba. Uozo unafungiwa ndani. Jino linang'aa kama fedha, ndiyo, na kuna wazazi watakaolalamika kwamba linaonekana vibaya. Kwa gego la nyuma sioni hoja hapo. Mtoto anatafuna.

Ipo pia dawa ya maji, silva daiamini floridi, inayopakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo na kusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi kabisa, na mzazi aambiwe kabla. Tena haifai pale neva ilipokwisha kuharibika, kwa hiyo isigeuzwe kuwa tiba ya kila kitu.

Na kama neva imeanza kuvimba? Hata hapo si lazima koleo. Daktari anatia ganzi, anafungua jino, anakata sehemu ya neva iliyo juu na kuiacha ya kwenye mizizi ikiwa hai, anasubiri damu ikome, anaweka dawa, anafunika kwa kofia ya chuma. Zamani dawa iliyozoeleka ilikuwa formokresoli, siku hizi saruji ya MTA inasifiwa zaidi. Damu ikikataa kukoma, ni ishara kwamba mizizi nayo imeathirika na mpango ubadilike. Kwa kawaida kazi hii humalizika mtoto akiwa kitini mara moja tu, na jino likatumika mpaka umri wake wa kung'oka ufike kweli.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna meno ya kung'oa. Jino linalocheza kabla ya wakati wake, lenye kijipu kwenye fizi kinachorudi kila mara, au lililobaki kipande cha mzizi tu, liondoke. Mtoto anayeumwa usiku bila hata kula kitu, mara nyingi neva yake inakufa, na hapo uamuzi ni mgumu zaidi. Lakini hata baada ya kung'oa, mtu aulize kuhusu nafasi: kuna waya mdogo unaofungwa kwenye jino la jirani kuizuia isizibe. Na uvimbe wa shavu ukipanda kuelekea jicho au kushuka chini ya taya, mtoto ana homa au anashindwa kumeza, hiyo si habari ya kusubiri asubuhi. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu vidonge nitasema kidogo. Antibiotiki ina kazi yake pale uvimbe umesambaa na mwili una homa. Kumpa mtoto amoksilini kwa jino lililotoboka, na tundu likaachwa wazi, ni kufukuza nzi huku mzoga umeuacha sebuleni.

Nadhani tatizo limeanza mbali kuliko kliniki. Meno ya utotoni hatuyahesabu kuwa meno. Nchi hii hii bado ina watu wanaochimbua vijino vya mtoto mchanga kabla havijatoka kwenye fizi, wakiita ebinyo, wakisema ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Spoku ya baiskeli imetumika kwa kazi hiyo. Wataalamu waliandika kuhusu jambo hili hapa Uganda tangu 1969, na watoto wameendelea kutoka damu na kupata maambukizi kwa ajili ya meno ambayo hayana kosa lolote. Anayechimbua na anayesema litang'oka lenyewe wana imani moja: kwamba kinywa cha mtoto ni cha muda.

Sukari, najua. Soda, juisi za mifuko, chai tamu kwenye chupa ya kulalia. Yote ni kweli, na kila mzazi ameshahubiriwa. Dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3 na punje ya njegere kwa aliyezidi hapo, ingesaidia kuliko mahubiri. Lakini mtoto ambaye tundu limeshafika karibu na neva hatibiwi kwa kumlaumu mama yake kuhusu lolipopu.

Wengine wataniambia mambo haya ni ya kliniki za Kampala, za wenye pesa. Kofia ya chuma haipatikani kila mahali, sawa. Lakini kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya glasi ionoma, bila umeme wala mashine, ni mbinu iliyoanza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Imezaliwa kwa majirani zetu, kwa ajili ya vijiji vyetu, na dunia nzima imeichukua. Haifai kwa jino ambalo neva yake imekufa, ila ingemfikia mtoto mapema asingefika huko.

Ngazi ya 4 ya vituo vyetu vya afya ina nafasi ya afisa wa meno, na tangu 2001 huduma za kawaida kwenye vituo vya serikali hazilipiwi. Mtu yupo. Anachokosa mara nyingi ni vifaa: mezani utakuta koleo na ganzi, saruji imeisha au haijawahi kuagizwa, na anayetaka kuziba anaambiwa aende Mbale au Kampala. Nauli hiyo ndiyo inayoamua kwamba jino litang'olewa. Vituo hivyo hupanga mahitaji yao na kuyaagiza kutoka Bohari ya Taifa ya Dawa, na mwaka wa fedha huanza Julai. Wasimamizi wa vituo, andikeni saruji ya kuzibia, silva daiamini floridi na kofia za saizi za watoto kwenye maombi ya mwaka huu. Na sisi wazazi tulio kwenye kamati za vituo, tuombe kuyaona hayo maombi kabla hayajatumwa.