Maji Maji: mbona vita haikuisha maji yaliposhindwa?

Kila inapotajwa Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, hakosi mtu wa kucheka: eti wazee wetu waliamini maji ya mganga yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ujinga ukawaponza, basi, somo limekwisha. Maelezo hayo yananisumbua tangu nikiwa mwanafunzi.

Sikatai kwamba imani ile iliua. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, watu waliiendea boma ya Wajerumani waziwazi, kundi kwa kundi, bombomu (bunduki za rashasha) zikawafyeka. Asiyepakwa maji angejibanza nyuma ya mti. Anayemlaumu Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji hayo, kwa vifo vile ana hoja. Tena si kila kabila lilijiunga. Wahehe hawakuingia, nao walikuwa wamekwisha kupigana na Mjerumani chini ya Mkwawa wakaona mwisho wake.

Lakini hebu tupige hesabu. Katika mashamba ya pamba ya shuruti yaliyoanzishwa 1902, mtu alidaiwa siku 28 za kazi kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa kama senti 35 kwa kila mtu, yaani senti moja na robo kwa siku, juani, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu. Wapo waliokataa hata kuzipokea. Na kodi ilikuwa rupia 3, yaani senti 300. Kwa malipo yale, kodi ya mwaka mmoja ingemchukua mtu zaidi ya miaka minane kuilipa. Hakuna aliyehitaji mganga wa kumwambia kwamba anaonewa.

Kilichokosekana ni umoja. Wamatumbi hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaita vitani. Kila ukoo na mambo yake. Ngarambe kwa Kinjikitile wakafika watu wa koo mbalimbali, wakapewa maji yaleyale na maneno yaleyale, wakarudi kwao na habari iliyopita kwa njwiywila, minong'ono ya siri, sikio kwa sikio. Aliyekunywa maji hayo alijua na mwenzake wa bonde la pili amekunywa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa ya maji yale. Hata tangazo lenyewe la vita, kijijini Nandete kwa Wamatumbi, Julai 1905, halikuwa tendo la wendawazimu: waling'oa mashina machache tu ya pamba, wakamwachia akida, ofisa wa Wajerumani, aelewe.

Kinjikitile alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikiwa changa. Mwezi uleule ikaja Mahenge, na kila mwenye macho aliona risasi hazigeuki. Kama watu walibebwa na uganga peke yake, wangerudi makwao siku ile. Badala yake Wangoni waliingia vitani Septemba, na mapigano yakaendelea hadi 1907, sasa kwa vikundi vidogo vya kuvizia porini, mbinu ya mtu anayejua vizuri kwamba risasi inaua.

Wajerumani nao walilielewa hilo. Hawakutosheka kumnyonga mganga. Walichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka ili njaa imalize walichokishindwa kwa bunduki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo, wakiwemo watoto wasiowahi kuonja tone la maji ya Ngarambe.