Volkano ya Tonga na dira ya Tabora: kipi hasa kilitikisika?

Jumamosi, Januari 15, 2022, saa 1:15 asubuhi kwa saa zetu, volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka katika Pasifiki. Kutoka pale hadi Tabora ni karibu kilomita 15,800. Wimbi la mgandamizo wa hewa lilikwenda mita 315 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukipiga hesabu lilipita Tabora na Kigoma kati ya saa tatu na saa nne usiku, na lile lililozunguka upande wa pili wa Dunia likapita alfajiri ya Jumapili.

Nani aliliona? Ratiba ya kimataifa ya kusoma baromita (kipima-mgandamizo wa hewa) hufuata saa tatu-tatu: saa tatu usiku, kisha saa sita. Wimbi lilipita katikati. Halafu katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hupanda wenyewe kila siku hadi kilele cha saa nne usiku, na badiliko la hektopaskali moja au mbili hujificha ndani ya mpando huo. Kwenye karatasi ya baromita ya kujichora ya wiki nzima, nusu saa haifiki hata milimita moja. Kifaa cha kurekodi kila dakika ndicho kingelinasa vizuri.

Hilo la hewa halina mgogoro. Mgogoro unaanza watu wanaposema volkano "iligeuza sumaku ya Dunia".

Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Wimbi linapopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi, hivyo nishati ileile husukuma hewa kwa nguvu zaidi. Likifika kilomita 100 na zaidi hukuta ionosfia, tabaka lenye ayoni na elektroni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Upepo huburuta ayoni, elektroni hubaki zimeshikwa na mistari ya sumaku, na kutengana huko huzaa umeme. Setilaiti ya ICON ya Marekani na zile za Swarm za Ulaya ziliona mkondo wa umeme unaofuata ikweta ya sumaku (mstari ambako sumaku ya Dunia hulala mlalo; kwa upande wetu hupita karibu na Addis Ababa) ukipanda hadi mara tano ya kilele chake cha kawaida, kisha ukageuka na kwenda magharibi kwa muda. Penye mkondo wa umeme pana sumaku, na magnetomita (vipima-sumaku) zilizoko ardhini huhisi.

Upande wa pili unakumbusha jambo ambalo washabiki hulisahau: usiku wa kuamkia mlipuko kulikuwa na dhoruba ya sumaku kutoka kwenye Jua. Nani basi alitikisa sindano?

Kipimo ninachokiamini ni mwendo. Mtikisiko unaosambaa kwa mita 300 na kitu kwa sekunde kutoka Tonga ni wa volkano. Unaojitokeza dunia nzima kwa pamoja ni wa Jua. Kuna kighairi kimoja: umeme ukishazaliwa hukimbia kwenye mistari ya sumaku hadi nusu ya pili ya Dunia. Ndiyo maana ionosfia juu ya Japani ilivurugika kabla wimbi lenyewe halijafika, maana mistari yake imeungana na Australia, ambako wimbi lilikuwa limeshapita.

Lakini "iligeuza sumaku ya Dunia" ni kukuza mambo. Sumaku hiyo huzaliwa kwenye kiini cha nje, chini kwa kilomita 2,900, ambako volkano haina mkono. Kwa mpima ardhi wa Tabora, ambako nguvu ya mlalo ya sumaku ni nanotesla 28,000 hivi, msukosuko wa nanotesla 30 ungepindisha dira kwa digrii 0.06 hivi, si zaidi. Jua tu hufanya karibu kiasi hicho kila mchana wa kawaida. Ukisimama na dira kando ya reli ya kati umejiletea kosa kubwa kuliko Tonga.

GPS ni habari nyingine. Kila ongezeko la elektroni 10¹⁶ kwa mita ya mraba huchelewesha ishara ya L1, ile kuu ya GPS, kwa sentimita 16, kiasi cha kuharibu bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja). Mashine ya GPS ya masafa mawili (frikwensi mbili) hufuta sehemu kubwa ya kosa hilo. Ya masafa mamoja hulibeba lote, isipokuwa ina kituo cha rejea karibu. Tena Kigoma na Tabora ziko karibu na ukanda wa kusini ambako elektroni hurundikana, na baada ya jua kuzama ishara huchezacheza hata bila volkano yoyote.

Na Nyiragongo, volkano ya Kongo iliyo karibu kilomita 375 tu kaskazini mwa Kigoma? Ilipomwaga lava Mei 22, 2021, haikurusha wimbi kama lile, kwa sababu lava yake ni nyepesi na hutiririka badala ya kupasuka. Kwenye sumaku, volkano ya namna hiyo huacha alama kwenye miamba yake yenyewe: magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku) ikipita nyuzi joto 580 hupoteza usumaku, na magnetomita iliyotegwa mlimani huweza kuona magma ikipanda. Badiliko hilo hufifia ndani ya kilomita chache, Kigoma halifiki.